Utulivu wa Nyumba Hauuzwi Dukani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila aliyefuata uongofu wake hadi siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, si kawaida ya kurasa kama hizi kuzungumzia rangi za kuta na vitambaa vya makochi. Tumezoea kuandika juu ya tauhidi, sala, mirathi na malezi. Lakini nyumba ndipo mahali ambapo hayo yote hutendwa au huachwa, na katika mji wetu wa Songea limezuka jambo ambalo Muislamu hana budi kulitia katika mizani ya dini yake.

Zamani kidogo sebule ya mtu aliyejiweza ilijulikana kwa wingi wa rangi. Ukuta wa buluu, mapazia mekundu yenye nakshi za dhahabu, maua ya plastiki juu ya kabati la vyombo, na vitambaa vya kufuma vya kila rangi migongoni mwa makochi. Leo mtindo umegeuka. Mwenye uwezo anazifuta rangi hizo na kupaka ya maziwa, ya mchanga au ya kijivu. Anaweka zulia la kahawia, pazia la kitani na meza ya mbao isiyong'arishwa. Rangi hizo zinaitwa rangi tulivu, na picha zake zinazunguka katika simu za vijana wetu kuanzia Lizaboni hadi Mfaranyaki. Swali letu ni hili: je, utulivu huo ndio ule ambao Mwenyezi Mungu ameutaja katika Sura An-Nahl, aya ya 80, aliposema kuwa amezifanya nyumba zetu kuwa mahali pa kutulia?

Rangi hazikuharamishwa

Tuanze kwa kuweka mpaka, ili mtu asije akatuelewa vibaya. Hakuna rangi iliyo haramu ukutani. Katika Sura Al-A'raf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anawakemea wale wanaojiharamishia pambo alilowatolea waja wake. Na katika Sura Fatir, aya ya 27, anatutaka tutazame matunda ya rangi mbalimbali, na milima yenye mistari myeupe na myekundu na mingine myeusi sana. Anayeitazama milima ya Matogoro wakati wa jua kuchwa anaifahamu aya hiyo bila ya kufasiriwa.

Aidha, imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, akihofia kuwa hicho ni kiburi. Mtume alimfahamisha kuwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi anayedhani kuwa nyumba chafu, yenye kuta zilizobanduka, ni alama ya uchamungu, huyo amekosea. Uchafu si zuhudi.

Kilichomshughulisha Mtume

Pamoja na hayo, Mtume (S.A.W.) alikuwa na jicho kali juu ya mapambo ya nyumba. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye nakshi alilolitundika upande mmoja wa chumba, naye Mtume akamtaka aliondoe kwa kuwa michoro yake ilikuwa ikimjia mbele ya macho anaposali. Katika tukio jingine, Mtume alisali akiwa amevaa shuka yenye nakshi, akaitupia jicho mara moja tu. Alipomaliza sala aliagiza ipelekwe kwa Abu Jahm, na badala yake akataka aletewe shuka ya Abu Jahm isiyo na nakshi. Hapa ndugu yangu utaona kuwa rangi tulivu si uvumbuzi wa karne hii. Mtume wetu aliichagua nguo ya kawaida juu ya nguo ya marembo, na sababu yake ilikuwa moyo uliokuwa ukimwelekea Mola wake.

Kisha kuna habari ya Bibi Fatma (R.A.). Baba yake alifika mlangoni kwake, akaona pazia lililorembwa, akarudi bila ya kuingia. Alipoulizwa, alieleza kuwa yeye hana haja na dunia ya namna hiyo, akaagiza pazia lile lipelekwe kwa watu fulani waliokuwa na shida. Izingatie hukumu hii. Pazia halikuchomwa moto, wala halikutupwa. Lilipelekwa kwa wahitaji. Vivyo hivyo kitambaa alichokitundika Bibi Aisha mlangoni, ambacho Mtume alikivuta mpaka kikachanika, akisema kuwa Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuyavisha mawe na udongo: kilikatwa kikafanywa mito miwili, nayo ikajazwa makumbi ya mtende, na Mtume hakuikataza. Kilichokuwa pambo la ukuta kikawa mahali pa mwanadamu kuegemea. Huo ndio mwongozo wa Kiislamu wa kupamba nyumba kwa ufupi wake.

Chokaa ya Kilwa

Wapo watakaosema kuwa usahili huu ni jambo la Uarabuni. Sivyo. Waislamu wa pwani yetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na kupaka chokaa nyeupe. Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, bado yapo magofu ya msikiti mkubwa na ya jumba la Husuni Kubwa. Katika nyumba kongwe za Lamu kuta nyeupe zilichongwa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vyombo na vitabu. Chumba kilikuwa cheupe, chenye kivuli na ubaridi, na pambo lake kubwa lilikuwa mwanga na kivuli juu ya chokaa.

Lakini tusiwasifu wazee kwa nusu ya habari. Katika zidaka zile zilipangwa sahani za Kichina kwa ajili ya fahari, na utajiri wa pwani haukutoka hewani. Katika karne ya 19 watu wengi waliotekwa katika nchi zilizozunguka Ziwa Nyasa walipitishwa kwa miguu hadi Kilwa Kivinje na kuuzwa. Njia hizohizo za misafara zilizotuletea Uislamu huku bara ndizo zilizochukua watu wetu. Ukuta unaweza kuwa mweupe na gharama yake ikawa nyeusi. Kwa hiyo swali la Muislamu mbele ya nyumba nzuri haliishii kwenye rangi yake. Anapaswa pia kuuliza ni nani aliyeilipia.

Nani anailipia sebule yetu?

Na swali hilo tujiulize sisi wenyewe. Mkoa wetu wa Ruvuma ni ghala la mahindi. Mavuno yakiisha, miezi ya Juni na Julai, fedha huingia mikononi, na ndio wakati harusi zinapofungwa na makochi yanapobadilishwa. Tunazijua nyumba ambamo magunia yote huuzwa kwa bei ya mavuno ili sebule ipate makochi ya kijivu na dari la jipsamu, kisha mwezi wa Februari mama wa nyumba hiyohiyo anakwenda sokoni na kisado kununua mahindi kwa bei ya juu. Makochi yapo, yametulia katika rangi yake tulivu. Watoto ndio hawajatulia.

Wapo pia wanaokopa. Mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu imewafikisha kina mama wengi kuficha nyuso zao barabarani, na baadhi yake ilichukuliwa kwa ajili ya mapazia. Muislamu anaijua hukumu ya riba katika Sura Al-Baqara. Hivi inawezekanaje mtu aombe utulivu ndani ya chumba kilichopambwa kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu ametangaza vita dhidi yake?

Kwa hakika tatizo ni kwamba rangi tulivu nazo zimekuwa mashindano. Jana tulishindana kwa wingi wa marembo, leo tunashindana kwa uchache wake. Ukuta umebadilika, moyo ni uleule. Mgeni aliyetoka Namtumbo na vumbi miguuni anaogopa kukalia kochi la rangi ya maziwa. Mzee wa jirani anaishia barazani. Watoto hawaruhusiwi kuingia sebuleni na juzuu zao. Nyumba ambayo mgeni anaiogopa imeipoteza baraka yake, hata kama ingekuwa nyeupe kama pamba. Wahenga walisema nyumba njema si mlango.

Tufanye nini hapa Songea?

Kwanza, tuanze na tulichonacho. Ardhi yetu ni nyekundu, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia kila mahali. Mweupe wa picha za simu hauishi hapa hata msimu mmoja, na kuurudia kila mara ni hasara. Bibi zetu walikandika na kusiriba kwa udongo wa hapahapa, wala hawakuona haya. Chokaa ikichanganywa na udongo mwekundu uliochekechwa vizuri hutoa rangi ya upole inayopatana na vumbi badala ya kupigana nalo. Tofali la kuchoma lililopangwa kwa ustadi linaweza kuachwa wazi. Mkeka wa ukindu, kigoda cha mninga na kapu la kusuka vina uzuri ambao mkono unaugusa, na fedha yake hubaki kwa fundi wa hapa.

Pili, tutenge mahali pa sala. Pawe safi, pasiwe na picha za viumbe wala marembo ya kuyavuta macho mbele ya mwenye kusali. Nyumba ikiwa na chumba kimoja, basi ipatikane hata pembe yake moja.

Tatu, tuangalie aya tunazozitundika. Nyumba nyingi zina Ayatul Kursiy katika fremu ya dhahabu, na wenyewe wanaitegemea kama hirizi. Qur'ani haikuteremshwa ili iwe urembo wa ukuta. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Shetani huikimbia nyumba inayosomwa ndani yake Sura Al-Baqara. Hakutaja fremu.

Nne, tununue kwa kiasi cha haja. Mtume alitaja tandiko la mume, la mke na la mgeni, na la nne akalinasibisha na Shetani. Na katika Sura Al-Furqan, aya ya 67, waja wema wamesifiwa kwa kushika njia ya katikati baina ya ubadhirifu na ubahili. Kabla ya kununua pazia jipya, akina baba na akina mama wakae pamoja waulizane: chakula kipo mpaka mavuno yajayo? Ada ya madrasa imelipwa? Deni la jirani limerudishwa? Majibu yakiwa ndiyo, basi pamba nyumba yako, ndugu yangu, kwa rangi uipendayo, nawe umshukuru Mola wako.

Na lile pazia la zamani ulilolishusha usilifungie stoo. Bibi Fatma alionyeshwa mahali pa kulipeleka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, aziepushe na madeni na fahari, na atujaalie makazi mema zaidi kesho Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.