Una duka mtandaoni na pikipiki? Shika spana mwenyewe

Leo siongelei bando wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Naongelea pikipiki, maana wengi wetu huku milimani duka liko kwenye simu lakini mzigo uko kwenye keria.

Wiki iliyopita nilikuwa mbele ya duka langu hapa Mlola, nimeinamia pikipiki, mikono imejaa oili. Kijana mmoja wa kijiweni akapita akasema, "Mgosi, bosi gani anajitengenezea pikipiki? Fundi si buku tatu tu?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Ila hiyo hesabu ya buku tatu ndiyo iliyonitia hasara, kwa hiyo naiandika hapa.

Januari ya mwaka juzi shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Nilikuwa na oda za viatu vyeusi vya shule jozi 11, zote zimeshalipiwa kwa simu. Mzigo ulitoka Dar kwa basi, nikaufuata Mombo Jumamosi na hii Boxer yangu niliyoinunua ikiwa imetumika. Siku mbili nyuma nilikuwa nimebadilisha oili kwa fundi. Alikaza nati ya kumwagia oili kwa nguvu mpaka meno yakaliwa, akaizungushia kipande cha nailoni, akanyamaza. Nailoni hiyo aliikuta fundi mwingine baadaye. Mimi nililipa buku tatu yangu nikaondoka na furaha.

Mnaoijua njia ile mnajua. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, Lushoto iko kama mita 1,400. Ni kupanda na kona. Oili ilikuwa inadondoka kidogo kidogo tangu Alhamisi, na kabla sijafika Soni nikasikia mlio kama mtu anagonga sufuria na kijiko. Nguvu ikaisha. Injini ikanoki.

Jozi 7 zilifika Jumapili usiku kwa boda za kulipia. Nne zilikuwa za vijiji vya mbali, hazikufika, nikarudisha hela. Mama mmoja akaandika kwenye grupu la wazazi kwamba mimi ni tapeli, maana mtoto wake alienda siku ya kwanza ya shule na ndala. Sikuwa na la kumjibu. Kusema "pikipiki iliharibika" ni sawa na kutosema kitu, kila tapeli pikipiki yake huwa imeharibika.

Bloku, pistoni, ringi na ufundi vilinitoka elfu 190. Faida ya jozi zote 11 ingekuwa elfu 55.

Na nisimtupie fundi lawama zote. Siku zile mbili sikuangalia kiwango cha oili hata mara moja. Unasimamisha pikipiki wima, unachungulia kidirisha au unachomoa kijiti, kutegemea pikipiki yako. Haifiki dakika. Sikufanya kwa sababu kichwani mwangu oili ilikuwa kazi ya fundi, ya kwangu ilikuwa kuuza.

Hapo ndipo ninapobishana na wanaosema mfanyabiashara asijisumbue na spana. Mnapiga hesabu ya ufundi, buku tatu, buku tano, mnaona haina maana. Ni kweli, kwa buku tatu haina maana. Lakini ukishika mwenyewe unachopata ni kujua hali ya chombo kabla hujamwandikia mteja "kesho saa nne nipo kwako". Ukiwa hujui hali ya pikipiki, ile meseji unayotuma ni ya kubahatisha, na aliyelipa kabla hajui kwamba unabahatisha.

Baada ya ile hasara nikaanza kuangalia video usiku, bando la ofa likiwepo. Nikajikuta kwa watu wenye Ducati. Hizi ni pikipiki za mbio za Italia. Kampuni ilianza Bologna mwaka 1926 ikitengeneza vifaa vya redio, ikaingia kwenye pikipiki mwaka 1946 na kijiinjini cha kufunga kwenye baiskeli. Sijawahi kuiona kwa macho, na njia ya Mlola wakati wa masika isingeihurumia. Kilichonishika ni matunzo yake. Kwenye pikipiki zetu valvu inafungwa na springi. Kwenye Ducati nyingi kuna mkono wa chuma unaoivuta ijifunge, kwa hiyo kila valvu ina nafasi mbili za kupima badala ya moja, na bili ya gereji inapanda. Nyingi za miaka ya nyuma zina mikanda ya mpira ya kuzungusha valvu, usipoibadilisha kwa wakati ikakatika, valvu na pistoni vinagongana.

Basi wapo wenye nazo, watu wazima wenye hela zao, wanaojifungia nyumbani Jumamosi na kupima wenyewe. Pembeni kuna daftari: tarehe, kilometa, kilichofanyika, kilichoonekana. Hakuna anayewaita maskini, wanaitwa watu wanaojua chombo chao.

Daftari ndilo nililochukua kwao. Langu ni la shule, la kurasa 48. Kila kilometa 2,000 namwaga oili, ikiwa bado ya moto kidogo ili itoke yote, naiangalia kwenye beseni kama ina chembe za chuma, nakaza nati kwa mkono wa kawaida, siipandi na mguu. Kisha naandika. Siku ya pili nachungulia chini kama kuna tone. (Oili chafu naiweka kwenye galoni. Tafadhali msiimwage mferejini, huo mfereji unaenda kwenye shamba la kabichi la mtu.)

Cheni naiangalia kila Jumapili. Ikichezea zaidi ya upana wa vidole viwili naivuta, naisafisha, napaka oili namba 90. Ile oili chafu ya injini watu wanayopaka cheni imebeba uchafu, inakula meno. Kichujio cha hewa ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na huku kwetu kiangazi vumbi ni jekundu mpaka kwenye nyusi. Kama chako ni cha sponji, kinaoshwa na kukaushwa vizuri. Kama ni cha karatasi usikioshe, badilisha.

Halafu kuna ubishi wa kushuka Mombo. Wapo wanaozima injini na kuweka fri kuanzia Soni, eti wanaokoa mafuta. Mnaokoa mafuta ya shilingi ngapi? Breki za ngoma zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapata moto na nguvu yake inapungua, na ukiwa fri umebaki nazo peke yake. Shuka ukiwa na gia, injini ikushikie. Ukiwa na mzigo wa kilo 50 nyuma, hili si la kujadili hata kidogo. Hao wa video nao hawachezi na breki, na wao hawana keria.

Kuna vitu sigusi. Valvu, klachi, chochote kinachotaka injini ifunguliwe, hivyo nampelekea fundi. Nina mmoja sasa, mzee mtaratibu, simpigi bei na nasimama hapo hapo mpaka amalize. Mwanzoni alinuna akidhani simwamini. Nilipomwonyesha daftari alilisoma lote, akaniambia nilikuwa nakaza cheni kupita kiasi. Alikuwa sahihi, beringi ya nyuma ilikuwa imeanza kulia.

Mtaniambia muda huo bora niposti bidhaa. Mimi natumia kama nusu saa kwa wiki. Kwenye nusu saa hiyo hiyo wengine tunaangalia status za washindani wetu.

Na kwa anayetaka kununua iliyotumika: kabla ya spana, kadi. Ikiwa kadi ina jina la mtu mwingine, usimalizie hela mpaka mmebadilisha umiliki TRA. Hata ukiitunza kama mtoto, siku ya ugomvi chombo ni cha mwenye jina.

Mtakaouliza vifaa: seti ndogo ya spana, bisibisi mbili, beseni, tochi. Spana ya plagi nilipewa na aliyeniuzia pikipiki, ilikuwa chini ya siti na sikujua hata ni ya nini. Yule mama wa ndala bado hajanunua tena kwangu. Dada yake amenunua mara mbili.