Mkwaruzo wa bastola si wa kufutwa nyumbani

Gahanga, kusini mwa jiji la Kigali, nyumba mpya zinazidi kuota, na fundi wa kunyoosha geti lililopinda hatafutwi mbali. Ni rahisi basi mwenye bastola ya kibali, akiona mkwaruzo kwenye silinda au doa la kutu kwenye mtutu, kudhani atautengeneza kama kitasa: msasa laini, dawa ya kurudisha weusi, kitambaa, kazi imekwisha. Hilo ni kosa. Geti ni la mwenyewe tu, lakini mwili wa bastola, mbali na kuwa mali yake, ni hati ya umma.

Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Rwanda ni mmoja wa watia saini wake, inataka kila silaha ndogo ibebe alama: namba, mtengenezaji na nchi inapotoka kiwandani, kisha nchi na mwaka inapoingizwa. Kwa alama hizo, polisi hufuata nyayo za bastola iliyookotwa hadi kwa mmiliki halali wa mwisho. Nazo hazina kina. Sheria ya Marekani hudai namba ichongwe angalau inchi 0.003, yaani milimita 0.08 hivi. Weusi wa chuma ni mwembamba zaidi: ni kutu nyeusi iliyooteshwa makusudi ili ishike mafuta na kuizuia ile nyekundu. Msasa hauchagui. Huanza kwa kula weusi, ukaendelea hadi kulainisha kingo za tarakimu. Siku ya ukaguzi, namba iliyofifia kwa kupenda usafi haitofautiani na iliyofifishwa kwa hila.

Atakayepinga atasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kutu hula chuma, ila dawa yake ni kitambaa laini na mafuta kidogo, silaha ikiwa haina risasi, msasa haumo. Mwingine atatoa mfano wa Wamarekani, ambao hung'arisha bastola zao mezani nyumbani. Hata huko, kumiliki kwa kujua bunduki iliyofutwa namba ni kosa la jinai, na wakusanyaji wa silaha za kale kwa kawaida huthamini zaidi iliyobaki na weusi wake wa kiwandani, mikwaruzo ikiwemo.

Hoja nzito zaidi ni ya usumbufu: kwa nini mtu afunge safari kuipeleka bastola kwa wenye mamlaka kwa sababu ya mkwaruzo mdogo kama ukucha? Kwa sababu bastola yenyewe haikununuliwa kama sufuria. Ilipitia kibali, na matengenezo yake yapitie mlango huohuo. Lakini mlango huo lazima ujulikane. Anayekabidhiwa kibali aelezwe siku hiyohiyo silaha ikichubuka aipeleke wapi na kwa gharama gani. Asipoelezwa, ataufuata msasa, na lawama haitakuwa yake peke yake.