VIJANA WA MAFIA NA ELIMU YA PAPA

Kila mwaka, kuanzia Oktoba hadi Februari, papa potwe hukusanyika mbele ya Kilindoni, kisiwani Mafia, wakifuata uduvi. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na tangu mwaka 2016 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Watafiti humtambua kila mmoja kwa picha za madoa ya ubavuni, kwani hayafanani na ya mwenziwe.

Vijana wa nchi za mbali hugharimia safari ndefu ili kujifunza kazi hiyo katika bahari za joto kama yetu. Hatuwaonei choyo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona iwapo mwanawe ataishia kushika usukani wa mashua, na daftari la hesabu likabaki mikononi mwa mgeni.

Sheria ya mwaka 1994, iliyowezesha Hifadhi ya Bahari ya Mafia kuundwa mwaka 1995, inataka wanavijiji washirikishwe katika mipango na usimamizi. Ushirikishwaji huo hautimii kwa mikutano pekee. Hapana budi Serikali, Halmashauri na Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja zitenge nafasi za mafunzo kwa vitendo, zenye posho, kwa vijana wa kisiwani waliomaliza sekondari. Aidha, kila kibali cha mtafiti mgeni kiambatane na sharti la kumfundisha kijana mmoja wa hapa.

Mtoto wa mvuvi tayari anajua pepo na mikondo. Kilichobaki ni kumpa kalamu.