Zimwi halikai shimoni

Wiki hii tuzungumze picha za kutisha. Si zile za Marekani zenye magari yanayopaa, hapana. Nasema zile za zamani za Uingereza na Italia, zilizotengenezwa kwa hela ya mboga: zimwi la mpira, moshi tele, na waigizaji wanaopiga kelele kuliko washabiki wa Simba na Yanga.

Watu huniuliza, "Bwana wewe, unafuata nini humo?" Jibu langu fupi: zinajua kumtisha mtu kwa kitu asichokiona. Na sisi wa Shinyanga na Geita, tunaolala juu ya dhahabu, hilo tunalielewa. Mwulize mwanaapolo yeyote anayeshuka duarani na tochi kichwani. Pale Nyangalata, Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Walikuwa wakila mizizi, mende na vyura! Picha gani ya Kizungu itaweza kulipita hilo?

Sasa chukua mkanda mmoja, Quatermass and the Pit, wa kampuni ya Hammer ya Uingereza, mwaka 1967. Mafundi wanachimba njia ya treni chini ya London. Mara wanakuta mafuvu. Wanachimba tena, kinatokea chombo. Wanajeshi wanadhani ni bomu la Wajerumani, kumbe kimetoka sayari ya Mars, na ndani mna mizoga ya wadudu kama panzi wakubwa wenye pembe. Hapo hata banda la video lililofurika lazima linyamaze.

Lakini kasheshe lenyewe bado. Wale wadudu wamekufa zamani, hawamng'ati mtu. Nguvu ya chombo chao inaamsha tu kitu kilicholala ndani ya binadamu, na watu wa London wanatoka barabarani kuwaua wenzao walio tofauti nao.

Hapo ndipo kicheko changu huishia. Maana kwetu huku vikongwe wameuawa eti kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Wenye ualbino wamekatwa viungo eti ndipo dhahabu ionekane. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Kizimbani halikupandishwa zimwi hata moja, jamani. Walipandishwa watu.

Basi msimcheke anayelipa kiingilio akatishwe na mdudu wa plastiki. Huyo ataogopa saa moja na nusu, taa zitawaka, atanunua muhogo wake wa kuchoma na kwenda kulala. Wa kumwogopa ni yule anayepita mtaani mchana kweupe akinong'ona kwamba zimwi ni bibi wa nyumba ya pili.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.