Nyayo katika kitalu cha mikunazi

Wiki hii tunaleta habari ya ziara ya familia za msikiti wetu kwenda Engaresero, na tunaileta pamoja na aibu yake.

Tuliondoka Karatu baada ya swala ya Alfajiri, watu 31 katika gari moja, wakiwemo akina mama na watoto wa madrasa. Tuliteremka bonde hadi Mto wa Mbu, tukaiacha lami, tukashika njia ya vumbi inayopita Engaruka. Hapo tulisimama kidogo watoto wakaone mabaki ya mashamba ya kale: mifereji na kuta za mawe walizojenga wakulima waliomwagilia eneo hilo kuanzia karne ya 15 hivi, kisha wakaondoka katika karne ya 18. Mzee mmoja wa kamati aliushika ukingo wa mfereji akasema kuwa waliojenga vile hawakuwa na saruji wala jembe la trekta. Tukaendelea na safari, mlima Oldoinyo Lengai ukiwa upande wetu na joto likizidi.

Shabaha ya ziara ilikuwa miche. Kwa muda mrefu msikiti wetu umekuwa ukiagiza majani ya mkunazi kila unapotokea msiba, kwa kuwa ni sunna maiti aoshwe kwa maji yaliyochanganywa na mkunazi, na mara nyingine majani huchelewa wakati maiti anasubiri. Waumini walichanga Sh 60,000 ili tununue miche 40, tuipande uani na kando ya makaburi. Tulikuwa tumeelezwa kuwa ipo familia Engaresero yenye shamba la mboga, banda la kuuzia na kitalu cha miche, karibu na mto unaoteremka kutoka kwenye ukuta wa bonde.

Wasomaji wetu wa Karatu hawahitaji kuelezwa kuwa mgeni huweza kulipa ili alione shamba. Lipo kwetu shamba la kahawa lililoanzishwa mwaka 1929, Gibb's Farm, ambalo tangu 1972 linapokea wageni. Ndugu zetu wa Unguja nao wanawatembeza watu katika mashamba ya viungo kule Kizimbani, wakiwaonjesha mdalasini na karafuu. Lakini hapa hapakuwa na kiingilio wala mtembezaji. Palikuwa na baba, mama na watoto wao wakubwa wawili, na mfereji mdogo wa maji baridi katikati ya nchi iliyokauka, kilomita chache kutoka ziwa Natron ambalo maji yake ya magadi hayafai kumwagilia chochote.

Kabla ya kufika shambani tuliwapeleka watoto wakaone nyayo. Zipo nyayo za binadamu zaidi ya 400 zilizogandamana katika majivu ya volkano karibu na ziwa, na wataalamu wamekadiria kuwa ziliachwa kati ya miaka 19,000 na 5,700 hivi iliyopita. Kijana wa Kimaasai aliyetuongoza aliwaeleza watoto jinsi majivu yalivyokuwa tope, watu wakapita, kisha tope likakauka. Watoto walikaa kimya kuliko wanavyokaa darasani. Tunaitaja ziara hiyo ndogo kwa sababu ndiyo iliyozaa yaliyofuata.

Shambani tulipokewa kwa uji na kivuli. Mama mwenye shamba alitupitisha katika matuta ya nyanya, mchicha na vitunguu, akatuonyesha mipapai. Kisha tukarudi bandani, na hapo tulijionyesha tulivyo. Wapo waliobonyeza nyanya moja moja na kuzirudisha zimelegea. Fungu la mchicha la Sh 500 lilivutwa hadi 300 na watu waliokunywa soda mbili mbili njiani bila kuuliza bei. Nusu yetu hatukubeba vikapu, kana kwamba mifuko ya plastiki haikupigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, ikabidi mama yule atafute maboksi ya sabuni. Yeye alipima kwa mizani mbele ya macho yetu, na vitunguu vilivyoanza kuoza alivitenga upande wake akasema hivyo ni vya kupikia nyumbani. Tulikumbuka habari ya Mtume (SAW) alipoingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta chini ni mbichi. Siku ile rundo la kutiliwa shaka halikuwa la muuzaji.

Wakati watu wazima wanashindania bei, mtoto wa miaka saba aliingia kitaluni. Mkunazi hushusha mzizi mrefu mapema, kwa hiyo mbegu zake hupandwa moja kwa moja katika viriba, baada ya kokwa kupasuliwa ili ziote upesi. Viriba hivyo vilikuwa vimepangwa kwa kubanana, vimetoka kumwagiwa maji, na miche ilikuwa na urefu wa kidole. Kwa macho ya mtoto aliyetoka kuona nyayo za kale, lile lilikuwa tope la kupita. Alivua viatu, akatembea mwanzo hadi mwisho, akageuka, akarudi. Tulipomwona alikuwa anatuita tuje tutazame nyayo zake.

Viriba 57 viliharibika. Wala hatufichi: mtoto yule ni wa katibu anayeandika ukurasa huu.

Tulilolifanya kwanza ni hili. Tulifungua mkoba wa fedha za safari, tukamwambia mama yule, "Tutalipa sasa hivi," na mkono ukaenda kwenye bahasha ya michango ya miche. Mweka hazina, ambaye ni mtu wa maneno machache, alituvuta kando. "Katibu," alisema, "bahasha hiyo ilichangwa kwa nia ya mikunazi ya msikiti. Mtoto ni wa nani?"

Swali hilo lilitosha. Tulilisoma chuoni, na tumeliandika katika ukurasa huu zaidi ya mara moja, kwamba mtoto ambaye hajabaleghe haandikiwi dhambi, lakini mali ya watu aliyoiharibu hulipwa. Na mchango uliotolewa kwa jambo maalumu haupelekwi kwingine kwa kuwa tu aliyeushika amebanwa. Tuliyajua yote, na mkono ulikuwa ndani ya bahasha.

Tukarudi kwa mama tukamwomba ataje thamani ya miche kama ilivyokuwa siku ile, siyo kama ingekuwa ikikua. Alikataa kutaja. Alisema mtoto ni mtoto, na wake nao waliwahi kuangusha kuku katika kisima. Shekhe wetu alimsihi: "Mama, kusamehe ni haki yako, lakini tupe bei kwanza, ndipo usamehe ukijua unachosamehe." Akahesabu kiriba, udongo, samadi na kazi, akasema Sh 500 kila mmoja. Ikawa Sh 28,500, tukazilipa kutoka mfukoni mwetu. Akazipokea, na tulishukuru kwamba alizipokea.

Hapo tulidhani jambo limekwisha. Ndipo mumewe, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kuwa miche ile midogo haikuwa ya kuuzwa bandani. Shule moja ya msingi ilikuwa imeweka rubuni ya miche 50, ichukuliwe mvua za masika zikianza. Mbegu mpya zingeota, lakini zisingefikia kimo kwa wakati. Fedha mkononi anazo, alisema, lakini ahadi yake kwa mwalimu mkuu ameipoteza. Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayefikiri kwa sauti.

Miche mikubwa iliyokuwa tayari ilikuwa 40, ile ile tuliyoifuata kwa safari ya zaidi ya kilomita mia. Tulikaa chini ya mpapai tukashauriana, na hatukuafikiana upesi. Wapo waliosema, na hoja yao si dhaifu, kwamba kosa la familia moja lisiunyime msikiti mzima miti yake. Katibu amelipa, basi tupakie tuondoke. Mama mmoja akauliza: tukiondoka na miche hii, watoto wa shule ile watapanda nini? Sisi tulinyamaza, kwa kuwa mwenye mtoto hana kura. Mwishowe waliochanga waliokuwepo waliridhia miche 40 iende shuleni pamoja na kumi midogo iliyosalimika, na wasiokuwepo waliulizwa Ijumaa iliyofuata baada ya swala. Mmoja alikataa akataka Sh 2,000 zake. Alirudishiwa, na ni haki yake, na sisi tukalijaza pengo.

Sh 60,000 zilibaki kwa nia yake. Tulimwachia mwenye shamba zote kwa mkataba wa salam: bei kamili hutolewa mwanzo, na aina, idadi, kimo na siku ya kukabidhi vyote vikiwa wazi. Tuliandika mikunazi 40 yenye kimo cha dhiraa moja, tarehe 1 Rajab. Katika rasimu yetu ya kwanza tuliandika "kutoka kitalu hiki." Shekhe aliyafuta maneno hayo, kwa sababu salam haifungwi na bustani moja mahususi, ambayo huenda isizae. Kitalu kikipatwa na baa, muuzaji aweze kutafuta miche ya sifa hiyo kwingine. Mwenye shamba alitazama viriba vilivyolala, akacheka kwa mara ya kwanza, akasema shekhe anajua mambo ya kilimo.

Tulirudi Karatu usiku na mapapai sita na maboksi ya vitunguu. Siku tisa baadaye tulipata msiba, na majani ya mkunazi yalitoka Arusha kwa basi, yakafika maiti akiwa amesubiri saa tatu. Tuliokuwa mlangoni tukiyangoja tulijua kwa nini.

Mtoto yupo. Anakusanya kokwa za kunazi katika kopo la maziwa, na ameambiwa atazipeleka yeye mwenyewe.

Safari ya tarehe 1 Rajab ina nafasi nane zilizobaki. Anayetaka kwenda amwone mweka hazina baada ya Isha, aje na kikapu chake, na mwenye mtoto amshike mkono kuanzia mahali gari litakaposimama.