Kabla ya India, Tuulize Maabara Iko Wapi

Msimu wa mavuno, mkulima anapofikisha mahindi yake kwenye bohari la Bodi ya Nafaka mjini Kitale, karani huchota konzi ya punje, akazimimina ndani ya kijimashine na kusubiri nambari. Ikizidi 13.5, mahindi yanarudi kuanikwa. Kijimashine hicho hakionji wala hakinusi. Kinapima jinsi punje zenye maji zinavyoitikia umeme, kisha kinakokotoa asilimia ya unyevu. Kikipotoka kidogo tu, jasho la miezi minane linakataliwa bila kosa. Wa kukirekebisha ni mtu aliyesoma fizikia.

Nimeanzia hapo kwa kuwa wazazi wa Kitale na Bungoma hawaachi kuuliza: mtoto akipenda fizikia, itamfikisha wapi? Na siku hizi jibu linalotolewa haraka ni India. Sababu zake si za kubezwa. Vyuo vya huko ni vingi, masomo ni kwa Kiingereza, ada ya vingi iko chini ya ile ya Uingereza, na serikali ya India hufadhili Wakenya kupitia baraza lake la uhusiano wa kitamaduni, ICCR. Tangu 2023, IIT Madras ina tawi hata hapa jirani, Zanzibar, ingawa lilianza na sayansi ya data na akili unde, si fizikia.

Hata hivyo, familia isiuze shamba kabla ya kujua kijana atarudi kuwa nani. Shahada ya sayansi katika vyuo vingi vya India imekuwa ya miaka 3. Ya hapa kwetu ni 4. Akirudi na fizikia tupu na kutaka kufundisha, Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, itamdai stashahada ya uzamili ya ualimu na somo la pili la kufundishia, tena awe alipata angalau C+ katika masomo hayo mawili kwenye KCSE. Anayetaka kuwa mwanafizikia wa tiba, yule anayepanga kiasi cha mionzi kabla mgonjwa wa saratani hajalazwa chini ya mashine, naye ajue kwamba shahada ya kwanza haitoshi.

Msimamo wangu ni huu: shahada ya kwanza isomewe nyumbani, safari ingoje ya pili. Chuo Kikuu cha Kibabii kipo Bungoma kwenyewe, na Masinde Muliro kipo Kakamega, mwendo wa matatu moja. Ya kwanza ughaibuni mara nyingi hutoka mfukoni mwa mzazi, lakini katika fizikia uzamili na uzamifu hupata wafadhili kwa urahisi zaidi. Kigali, tangu 2018, kuna taasisi ya utafiti wa fizikia ya Afrika Mashariki, mshirika wa kituo cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam wa Pakistani mwaka 1964 akiwafikiria hasa wanasayansi wa nchi maskini. Mlango huo huwezi kuubisha ukiwa na cheti cha sekondari pekee.

Ila mazungumzo haya yote ya vyuo yanakuja tukiwa tumechelewa. Mwezi Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mkondo wao walikuwa wameshauchagua wakiwa Gredi ya 9, wengi wakiwa na miaka 14 au 15. Anayeukosa mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, au anayeangukia shule ambayo fizikia yake ni ya ubaoni, ameshafungiwa njia kabla hajasikia jina la chuo chochote. Serikali inataka asilimia 60 ya wanafunzi wafuate STEM. Sioni ubaya wa lengo hilo. Naona ubaya wa kulitangaza kabla ya kuhesabu meza za maabara.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa katika shule moja ya kutwa nje ya mji wa Bungoma, siku ya jaribio la pendulamu. Stendi ilikuwa moja, wanafunzi kumi na mmoja wameizunguka. Jiwe lilifungwa kwa uzi wa katani wa mita moja, na saa ilikuwa simu ya mwalimu. Msichana mmoja alihesabu mizunguko 20 kwa sauti, akataja sekunde 41. Kumi wakanakili. Katika KCSE karatasi hiyo ya vitendo ina alama 40 kati ya 200, na wale kumi wangeikabili bila kuwahi kuushika uzi.

Nikakumbuka michango ya kumpeleka kijana mmoja ng'ambo: hema, vipaza sauti, mheshimiwa na bahasha yake. Simlaumu kijana huyo, na najua akili kali haiwezi kungoja mpaka kila shule ipate vifaa. Lakini fedha za umma ni jambo jingine. Basari inayogawanywa vipande vidogo vidogo hulipa karo ya muhula ikaisha. Stendi, ammita na mshahara wa fundi wa maabara vinahudumia darasa baada ya darasa. Wabunge wetu na waandikaji wa bajeti waanzie huko. Mzazi naye, siku ya kumpeleka mtoto Gredi ya 10, akishaonyeshwa bweni na basi jipya, aombe kufunguliwa maabara.

Wenzake walipokwisha kunakili, yule msichana aliitazama nambari yake, akauomba uzi tena. Alikuwa ameupima hadi kwenye fundo, akasahau kwamba jiwe linaning'inia chini yake. Akaufupisha kwa kadiri hiyo, akaliachia jiwe, akahesabu upya, safari hii kimya. Sekunde 40.