Godoro la Mkimbizi

Warundi walipokimbilia kwetu mwaka 1993, na tena mwaka 2015, neno moja halikuisha midomoni mwetu, hata mwa viongozi wa jumuiya: “Huyu si mkimbizi, mbona amekuja na godoro na baiskeli?”

Neno hilo ni dhuluma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 humtambua mkimbizi kwa hatari iliyomfukuza kwao. Hakuna palipoandikwa uzito wa furushi.

Tulitazame basi furushi lenyewe. Mei 2015 maelfu walikwama Kagunga, ufukwe mwembamba kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, wakingoja mashua ziwafikishe kwenye meli ya Liemba, kisha Kigoma, kisha Nyarugusu huku Kasulu. Baadaye wengine walipelekwa Nduta, Kibondo. Atorokaye usiku huchukua sufuria kwa sababu kesho watoto watakula. Huchukua jembe kwa kuwa ni mkulima. Huchukua vyeti vya ubatizo na vya shule, kwani bila karatasi hizo nani atasadiki jina la mtoto? Huchukua hata ufunguo wa nyumba, maana anatumaini kurudi. (Padri akihamishwa parokia hujaza gari zima, wala haulizwi.)

Nani basi alituagiza kumhurumia mwenye mikono mitupu peke yake? Neno hilo likisemwa tena jumuiyani, mwenyekiti asilinyamazie.